Picha ya babu imetoka ya kijani: usimimine wino mweusi kwenye tanki zote kwanza

Swali limetoka kwa kijana mwenye studio ndogo Moshi, nalifupisha: "Kaka shikamoo. Natumia printa ya Epson L805. Siku hizi wateja wanaleta picha za wazee wao niskani nitoe nyeusi na nyeupe za kuweka kwenye fremu, hasa za misiba. Shida zikitoka zina ukijani, nikizipeleka nje kwenye mwanga zinakuwa kama zambarau. Kuna jamaa kaniambia nitoe rangi zote nijaze wino mweusi tanki zote sita, zile za rangi nyepesi nimimine mweusi uliochanganywa na maji. Pia nimeona wino mweusi wa chupa kubwa, wa pigmenti, bei poa. Naweza kuongezea juu ya ule uliopo ndani? Naogopa kuua printa maana ndo inanilisha."

Marahaba mdogo angu. Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kumimina, maana wengi wanaoniletea printa hapa Arusha wanakuja wameshamimina, ndo wanauliza. Jibu la haraka: kuongezea pigmenti juu ya wino uliopo, hapana, hata tone. Kujaza weusi tanki zote sita inawezekana na kuna watu duniani wanafanya hivo miaka mingi na picha zao ni nzuri balaa, ila sio kwa maji ya bomba na sio kwa wino wowote na sio kwenye printa ambayo asubuhi inatakiwa itoe paspoti saizi za rangi. Sasa tulia nikueleze moja moja.

Ukijani unatoka wapi. Watu wanadhani printa ikipewa picha nyeusi na nyeupe inatumia wino mweusi tu. Sio kweli. L805 ina mweusi, samawati, majenta, njano, halafu samawati nyepesi na majenta nyepesi. Kijivu haina. Kwa iyo shavu la babu ambalo ni kijivu laini, printa inalitengeneza kwa kuchanganya rangi, samawati kidogo na majenta kidogo na njano kidogo, zikilingana jicho linaona kijivu. Zikipishana hata kidogo tu umekwisha, majenta ikipungua unapata kijani, samawati ikipungua unapata wekundu wekundu.

Kama huamini chukua ile lenzi ndogo ya madalali wa mawe, ya kukuza mara kumi, huku Arusha kila anayehangaika na tanzanaiti anayo mfukoni, na hapo Moshi hukosi mtu wa kukuazima. Weka juu ya picha yako, angalia sehemu ya kijivu hafifu, kwenye paji la uso mfano. Utaona vidoa vya bluu, vya pinki, vya njano, vimetawanyika kama ubuyu uliomwagika, na cheusi hakipo au kipo kimoja kimoja. Hiyo ndo picha yako "nyeusi na nyeupe". Huna lenzi, dondoshea tone dogo la maji juu ya kamera ya simu, iweke karibu na picha, zumu. Tone linakuwa lenzi. Futa vizuri baadae.

Na kwanini inabadilika ukitoka nje? Kwa sababu kijivu cha kuchanganya ni makubaliano kati ya wino tatu na taa iliyopo. Taa ya dukani, hizi za LED za bei ndogo, mwanga wake una mapengo, rangi nyingine inazipa nguvu nyingine inazinyima. Jua linatoa zote. Kwa iyo ile ile picha chini ya taa inaegemea huku, mlangoni inaegemea kule, na hakuna setingi kwenye kompyuta itakayomaliza hilo kabisa, maana ukirekebisha kwa taa ya dukani umeharibu kwa jua la sebuleni kwa mteja.

Na kuna baya zaidi ambalo mteja atakuja nalo baada ya mwaka mmoja au miwili. Hizo wino tatu hazipauki kwa mwendo mmoja. Moja inakimbia, nyingine zinabaki, kijivu kinageuka rangi. Umeona zile picha za ukutani zilizogeuka za bluu au za machungwa? Ndo hivo. Picha ya marehemu inaning'inizwa sebuleni miaka, sio ya kuwekwa kwenye pochi.

Haya, kabla ya kununua chochote fanya nozo cheki, yani ule ukurasa wa mistari ambao printa inautoa kuonyesha matundu gani ya wino yameziba. Namaanisha sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Asilimia kubwa ya "printa yangu inatoa kijani" ninazoletewa ni majenta nyepesi imeziba matundu kadhaa, kwenye picha za rangi mtu haoni sana ila kwenye kijivu inapiga kelele. Kama mistari imekatika safisha hedi, kile kichwa kinachorusha wino, mara moja, mbili, isikubali iache ilale usiku mzima ujaribu tena asubuhi, usikae unabonyeza klining mara kumi maana ule wino wote unaenda kwenye sponji la wino chafu kule chini na sponji likijaa printa inagoma yenyewe.

Mistari ikiwa mizima, sasa ilazimishe itumie mweusi. Kwenye draiva, ile programu ya printa kwenye kompyuta, chagua kijivu badala ya rangi, halafu aina ya karatasi badala ya kuweka glosi, ile inayong'aa, weka mati, isiyong'aa, au karatasi ya kawaida. Ukiacha glosi mara nyingi inarudi kuchanganya rangi kimya kimya hata kama umeiambia kijivu. Toa kipande kidogo, rudi na lenzi yako. Ukiona vidoa vyeusi tupu, umefanikiwa. Hapo ukijani unapungua sana hata taa ikibadilika, kwa sababu wino ni mmoja.

Hasara yake utaiona hapo hapo: sehemu nyeupe nyeupe zinakuwa na chengachenga, maana printa haina kijivu hafifu, ina mweusi mkali tu, kwa iyo ili kupata kijivu hafifu inaweka kidoa cheusi hapa na kingine kule mbali. Kwenye mvi za mzee au shati jeupe inaonekana kama kanyunyiziwa pilipili manga. Picha ya A4 ikiwa ukutani mtu akiwa hatua mbili haoni, mimi binafsi naipenda hata, inafanana na picha za zamani zenye punje. Ila picha ndogo ya kushika mkononi, hapana, mteja atalalamika.

Na ndo hapo wazo la jamaa yako linapoingia, na nakiri halina ujinga ndani yake. Ukiwa na weusi mmoja mkali, wa pili umezimuliwa kidogo, wa tatu umezimuliwa sana, kijivu hafifu kinatengenezwa na vidoa vingi vya wino hafifu badala ya vichache vya wino mkali, chengachenga zinapotea, uso unakuwa laini. Hata kiwandani wanajua: tangu 2005 Epson wana printa kubwa za picha zenye ngazi tatu za weusi ndani, ndo maana wino wake ukaitwa K3. Na huko Marekani kuna Jon Cone ambaye ameuza seti za wino za vijivu vitupu kwa miaka mingi, na Paul Roark ambaye aliamua kuchanganya mwenyewe kwa wino wa masizi na akaweka mapishi yake wazi kila mtu aone. Kwa iyo jambo lipo. Tatizo ni nini unazimua na unazimulia nini.

Tuanze na nini. Kuna wino wa dai na wino wa pigmenti. Dai ni kama sukari kwenye chai, imeyeyuka, huioni. Pigmenti ni kama unga kwenye uji, punje ndogo sana zinaelea, na zimewekewa dawa ya kuzizuia zisishikane. L805 yako ilikuja na dai zote sita. Ukimimina pigmenti juu ya dai ile dawa inayotenganisha punje inaweza kuvurugika, punje zinashikana, wino unakatika kama maziwa yaliyodondoshewa ndimu. Kwenye chupa utaona mabonge chini. Kwenye hedi huoni kitu, unaona tu wino hautoki, na kila tundu pale ni jembamba kuliko unywele. Hata dai kwa dai za makampuni tofauti mimi sichanganyi kwenye tanki moja bila kujaribu kwenye kichupa cha dawa kwanza, siku tatu, ndo naamua.

Sasa fanya jaribio hili, senti haliondoi. Chukua tishu, kata kipande chembamba kama kidole, weka tone la wino wako mweusi wa sasa sentimita mbili toka chini, chovya ncha ya chini kwenye maji, acha maji yapande yenyewe. Subiri dakika kumi. Utaona mweusi unafunguka, unatoa zambarau, bluu, pengine ka-njano juu. Huo weusi ni mchanganyiko wa dai kadhaa! Ndo maana ukiuzimua na maji haukupi kijivu, unakupa zambarau hafifu au kijani hafifu, umerudi pale pale ulipotoka, na safari hii umeharibu na tanki. Weka wino wa pigmenti ya masizi kwenye tishu nyingine: unabaki mweusi, au ukisogea unasogea kijivu. Masizi ni masizi, kaboni tupu, kitu kile kile cha chini ya sufuria ya kuni ila kimesagwa sana. Hakipauki kwa jua. Wachina wameandikia karne na karne na bado yanasomeka.

Ila masizi yakizimuliwa yanaegemea ukahawia kidogo, joto joto fulani. Kwa picha za wazee naona inapendeza, inafanana na zile za studio za zamani. Mteja akitaka kijivu baridi kabisa ndo unaongezea pigmenti ya bluu kidogo mno, na hapo unaanza tena mambo ya rangi kwa hiyo mimi huwa naacha ilivyo.

Tuje kwenye unazimulia nini. Maji matupu, hapana. Wino sio maji ya rangi tu, una uzito wake na utelezi wake, hedi ya Epson inafanya kazi kwa kubana, kuna kijiwe ndani ukikipa umeme kinajikunja kinasukuma tone, na kimepimwa kwa wino wa uzito fulani. Ukiufanya mwepesi unajichuruzikia wenyewe, unakauka haraka, hewa inaingia. Kwa taarifa yako hiyo kubana ndo inafanya Epson zivumilie wino wa kuchanganya kuliko printa zinazochemsha wino ili urushwe, kama HP na Canon nyingi, zile ukikosea kidogo wino unaungua kwenye hita.

Bora kabisa nunua maji ya kuzimulia yanayouzwa na huyo huyo anayeuza wino. Yasipopatikana, wanaochanganya wenyewe wanatumia maji yaliyochujwa kwa mvuke, glisirini ili wino usikaukie kwenye tundu, na tone tone la dawa ya kulainisha maji, ile ya chumba cha giza inayoitwa Photo-Flo, ili wino uteleze. Glisirini ya duka la dawa soma lebo, isiwe na manukato wala ya kuchanganywa na mafuta ya ngozi. Maji ya bomba sahau, haya yetu ya Arusha ndo kabisa, yana floridi na madini mpaka meno ya watu yamegeuka kahawia, unadhani hedi itapona? Maji ya betri ya sheli yanafaa ila TAFADHALI uhakikishe ni maji ya kuongezea, sio asidi, chupa zinafanana na nimeshaona mtu anataka kujaza ile nyingine.

Vipimo ni hesabu ya darasa la tano. Ngazi ya pili asilimia 30, yani mililita 30 za wino na 70 za maji ya kuzimulia. Ngazi ya tatu asilimia 10, yani 10 kwa 90. Kila ngazi sirinji yake, usichovye sirinji ya mweusi mkali kwenye chupa ya hafifu hata kama umeisuuza. Tikisa taratibu usitoe povu. Acha chupa siku mbili, igeuze uangalie chini, ukiona tope usiweke kwenye printa. Na chuja, sio kwa kitambaa, wala karatasi ya kahawa, kuna vichujio vidogo vya kuchomeka kwenye sirinji.

Lakini hapa ndo jamaa yako hakukwambia yote. Ukishaweka kijivu kwenye tanki ya samawati, printa haijui! Draiva bado inaamini pale kuna samawati, pale kuna njano, inagawa wino kwa hesabu ya rangi. Picha itatoka nyeusi tupu sehemu moja na imepauka sehemu nyingine, utaikorogea mwanga kwenye kompyuta mpaka uchoke. Inatakiwa programu ya kuiambia printa tanki hii ni asilimia 30, ile ni asilimia 10, itumie hivi. Inayojulikana zaidi ni QuadTone RIP ya Roy Harrington, ni kwa printa za Epson, angalia kwanza kama ya kwako imo kwenye orodha yake kabla hujanunua hata chupa moja. Ikikubali unaprinti ngazi 21 za kijivu toka nyeupe mpaka nyeusi, unaangalia zinapanda sawa au zinaruka, unarekebisha, unarudia. Wiki nzima inaenda hapo, sikudanganyi.

Karatasi nayo ina neno lake. Pigmenti nyeusi ziko za mati na za glosi. Ile ya mati ukiiweka kwenye glosi haishiki, pitisha kidole imetoka, mteja anaondoka na babu mkononi na nusu ya babu kwenye kidole. Ile ya glosi ukiiweka kwenye mati inashika ila weusi wake unakuwa mvi. Kwa fremu mimi natumia mati, haing'ai chini ya kioo, na masizi yanakaa vizuri.

Mengine haraka haraka. Hiyo chupa kubwa ya bei poa hakikisha sio wino wa sablimesheni, maana L805 ndo printa wanayotumia watu wa vikombe na tisheti na madukani chupa zinakaa shelfu moja, ule wino mpaka upigwe joto la presi ndo unaamka, kwenye karatasi ya picha unabaki umefifia kama umeoshwa. Wino wa kuchorea wa sanaa usiuguse, mimi mwenyewe mwaka nilipoanza nilimimina wino mweusi wa kuchorea nikijua weusi ni weusi, kumbe una gundi ya kuufanya ukikauka usitoke hata kwa maji, hedi ikafa siku ile ile na nilikuwa na oda ya watu. Wino wa mihuri hivo hivo. Na printa ya masizi uizime kwa kitufe chake, sio kuchomoa ukutani, ikizimwa kwa kitufe hedi inarudi kwenye kifuniko chake, ukichomoa au umeme ukikatika katikati ya kazi inabaki wazi inakauka, na kwa vumbi la huko chini Januari na Februari ikikaa wazi usiku mmoja tu unaanza upya. Kipande cha khanga juu yake usiku, basi. Hata ikiwa huna kazi toa ukurasa mmoja kila baada ya siku mbili tatu, punje zisitulie chini.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningefanyaje. L805 inayokulisha usiiguse, iache na dai zake. Kazi za misiba zilizopo mezani zitoe kwa mweusi mtupu kwenye mati, A4 kwenda juu, ndogo zikatae au zitoe kwa rangi lakini umwambie mteja. Kama kazi hizi ni nyingi kweli, tafuta printa ambayo tayari ina kijivu ndani, L8180 mfano ina tanki ya kijivu, ama Epson iliyotumika ya K3 kama utapata ambayo hedi yake nzima. Na kama unataka kuingia kwenye masizi kwa sababu unapenda, na naona kwenye swali lako kama unapenda, tafuta L805 ya pili au L1800 iliyochoka ya bei ndogo, ivute wino wote kwa sirinji, isuuze mpaka itoe maji meupe, uifanye ya masizi tu maisha yake yote. Usijaribu kuirudisha kwenye rangi baadae.

Ukishafanya nozo cheki piga picha kwa ile lenzi, sehemu ya paji la uso na sehemu ya koti jeusi, unitumie zote mbili na uniambie ni karatasi ya gramu ngapi na wino wa sasa ulinunua chupa zake za gramu au za mililita 70 zenye boksi, nitakwambia kama majenta ndo imelala au ni mchanganyiko wa wino tofauti.